Kwa nini Wamarekani waliichangia Iraq dola 600 tu?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Tanga anayeishi Columbus, Ohio. Nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo kaka. Kazini kwetu kuna mzee mmoja Mmarekani kaniambia eti mwaka 2005 serikali yao iliwaomba raia wachangie kuijenga upya Iraq, na baada ya wiki mbili zikapatikana dola mia sita. Mia sita! Nikajua ananitania. Hivi ni kweli? Na kama ni kweli, ni ubahili, ni kuchukia Waislamu, au walikuwa wameshaichoka vita? Nauliza kwa sababu mimi na majirani zangu Wasudani tunataka tuchangishe hela tutengeneze shule moja Omdurman iliyoharibiwa na vita, lakini tukianza kuwaelezea watu wanatuangalia tu. Naogopa yasije yakatukuta yaleyale."

Marahaba dada yangu. Mzee wa watu hakukutania, ni kweli kabisa.

Ilikuwa Septemba 2005. USAID, lile shirika la serikali ya Marekani la misaada ya nje, mkuu wake enzi hizo akiwa Andrew Natsios, likafungua sehemu kwenye intaneti ili raia wa kawaida aingie achangie chochote alichonacho kwa ujenzi wa Iraq, wakapamba na maneno matamu kwamba hii ndo nafasi ya mwananchi kuwa na hisa yake kwenye Iraq huru yenye neema. Zikapita kama wiki mbili, gazeti la Observer la London likaandika kilichopatikana mpaka hapo, dola 600. Msemaji wa shirika alipoulizwa akasema hawajavunjika moyo, kila kidogo kinasaidia. Na ujue bunge lao lilikuwa limeshatenga karibu dola bilioni 21 za kodi kwa ujenzi huohuo, bilioni 2.5 Aprili 2003 na nyingine 18.4 Novemba mwaka uleule, kwa hiyo hata hizo 600 zingekuwa milioni sita bado zingemezwa humo zisionekane. Na hili nadhani watu walilihisi hata kama hawakukaa chini kupiga hesabu.

Tuanze na ubahili, manake hilo ndo linakuja kichwani kwanza na halina mashiko kabisa. Miezi tisa kabla, Desemba 26, 2004, tsunami ilipiga Indonesia, Sri Lanka, India, Thailand mpaka huku kwetu Somalia na pwani ya Kenya na Tanzania ikafika, na Wamarekani binafsi, achana na serikali, walitoa zaidi ya dola bilioni 1.5. Halafu Agosti 29, 2005 kimbunga Katrina kikaizamisha New Orleans, wakatoa zaidi ya bilioni 3. Tena hiyo ya Katrina ilikuwa inaendelea wiki zilezile USAID inapita na bakuli lake, kila ukiwasha tivii unaona watu wako juu ya mapaa wanapunga mashuka, hivyo kusema kweli wakati wenyewe ulichaguliwa vibaya kupita kiasi. Lakini wakati mbaya peke yake haushushi mchango mpaka dola 600. Ungeshusha mpaka milioni moja, au laki moja basi.

Chuki dhidi ya Waislamu, sikatai, ilikuwepo na ipo, miaka ile baada ya Septemba 11 wewe ukivaa hijabu Marekani ulikuwa unajua mwenyewe. Ila haitoshi kueleza. Mkoa ulioumia kuliko yote kwenye tsunami ni Aceh, na Aceh ni Waislamu karibu watu wote, ni sehemu inayofuata sharia kwa sheria ya nchi, na hela za makanisa ya Texas na Ohio zilienda huko kujenga nyumba na hakuna aliyeuliza dini. Kwa hiyo mtu aliyetoa kwa Muislamu wa Aceh Januari halafu Septemba akamnyima Muislamu wa Baghdad, kuna kitu kingine hapo katikati.

Na kuna jambo moja hata wachambuzi wengi walilipita, kwamba Wamarekani *walikuwa* wanaichangia Iraq. Mwaka 2004 mwigizaji Gary Sinise na mwandishi Laura Hillenbrand walianzisha mpango wa kukusanya vifaa vya shule, madaftari, penseli, mikasi, rula, vinafungwa kwenye mfuko mmoja mmoja, wanajeshi wanavipokea kule wanawagawia watoto wa Iraq mkononi. Watu walituma kwa maelfu. Shule za watoto za Marekani zilituma, akina mama wa kanisani walituma, na wengi wao wala hawakuwa wapinga vita, wengine watoto wao walikuwa hukohuko jeshini. Sasa watu ni walewale, nchi inayosaidiwa ni ileile, vita ni ileile, mwaka karibu uleule, huku wanajaza makontena na huku dola 600. Ukilielewa hili umeelewa karibu kila kitu, mengine yote nitakayosema hapa chini yanatoka hapahapa.

Mchango ni zawadi, na zawadi mtu anampa mtu. Kuijenga nchi iliyopigwa vita, kwenye akili ya mtu wa kawaida, ni bili. Na bili ina mwenyewe. Ni kama jirani yako kalewa, kaingiza gari kwenye ukuta wa mjane, mjane ukimwonea huruma utampelekea chakula, utampa mwanao akalale kwake usiku asiogope, lakini jirani yuleyule aliyegonga akipita nyumba kwa nyumba na kofia akisema tuchangie ukuta, utamwangalia tu. Unamwangalia hata kama una hela na hata kama mjane ni rafiki yako.

Na serikali ya Bush ilikuwa imeshaahidi kwamba bili hiyo haitakuja! Machi 27, 2003, vita vina wiki moja, Paul Wolfowitz wa wizara ya ulinzi aliwaambia wabunge kwamba Iraq ni nchi inayoweza kugharamia ujenzi wake yenyewe, na mapema tu, kwa mafuta yake. Mwezi uliofuata Natsios huyohuyo akaenda kwenye tivii akasema mchango wa mlipakodi wa Marekani utakuwa dola bilioni 1.7 basi, hamna nyingine baada ya hapo. Miezi sita haikuisha wakaomba bilioni 20. Kwa hiyo Natsios aliporudi mwaka 2005 kuwaomba raia watoe tena mfukoni, juu ya kodi, alikuwa anawaomba watu walewale aliowaambia imetosha. Hapo hata angekuwa malaika.

Hilo la mafuta nalo lina uzito wake. Iraq ilikuwa inahesabiwa kuwa na akiba ya mapipa zaidi ya bilioni 110, moja ya akiba kubwa kuliko zote duniani, na kila mtu alikuwa analijua hilo kwa sababu lilikuwa linaimbwa kila siku. Oktoba 2003 hata maseneta, wakiwemo wa chama cha Bush mwenyewe, walipiga kura 51 kwa 47 kwamba nusu ya hela za ujenzi ziwe mkopo, Iraq ilipe baadaye mafuta yakianza kutoka, Bush akatishia kura ya turufu na baadaye kwenye majadiliano ya mwisho kipengele kikaondolewa. Sasa kama seneta anaona ni mkopo, unamtarajia mama wa dukani aone ni sadaka? Nimekaa miaka kwenye kazi hii ya kuchangisha na kukagua hesabu za misaada, na swali la "kwani mafuta yao yanaenda wapi" nimelisikia kwa kila nchi yenye kitu chini ya ardhi, Congo ndo usiseme.

Na mafuta ya Iraq yalikuwa yanaenda wapi? Sehemu yake yalikuwa yanalipa bili ya vita nyingine. Saddam aliivamia Kuwait 1990, Umoja wa Mataifa ukaamua Iraq ilipe fidia, na baada ya 2003 asilimia 5 ya mapato ya mafuta ilikuwa inakatwa kwenda huko, baadaye makato yakasimamishwa kwa miaka kadhaa, yakarudi kwa asilimia ndogo zaidi, mpaka mwanzoni mwa 2022 ndo wakamaliza, jumla dola bilioni 52.4. Yaani mwezi uleule raia wa Marekani wanaombwa waichangie Iraq, Iraq yenyewe ilikuwa inalipa kwa kanuni iliyowekwa na dunia nzima kwamba aliyeivamia nchi ya watu ndo anayelipa. Kanuni hiyo haikufutwa ilipofika zamu ya Marekani, ilinyamaziwa tu. Na watu si wajinga, hata asiyejua habari za Kuwait anaihisi.

Sasa tuje kwenye hesabu, hapa ndo eneo langu kwa hiyo nivumilie.

Januari 2005, miezi minane kabla ya ule ukurasa kufunguliwa, mkaguzi mkuu maalumu wa ujenzi wa Iraq, Stuart Bowen, alitoa ripoti kwamba dola bilioni 8.8 zilizopitia kwa utawala wa muda wa Marekani kule Baghdad, ule wa Paul Bremer, hazikuwa na usimamizi wa kueleweka. Watu wengi hupotosha hapa wanasema ziliibwa zote, hapana, ripoti haikusema ziliibwa, ilisema zilipelekwa kwenye wizara za Iraq na hakuna anayeweza kuonyesha zilifanya nini. Na hazikuwa hela za mlipakodi wa Marekani, zilikuwa hela za Wairaki wenyewe, za mafuta na za akaunti zilizokuwa zimezuiwa. Kwangu mimi hilo linafanya iwe mbaya zaidi. Noti zilikuwa zinapakiwa kwenye ndege za jeshi kutoka New York, mabunda ya dola mia mia yamefungwa kwa nailoni kama saruji. Habari hiyo ilishasambaa. Kisha unamwomba mtu dola ishirini?

Halafu sikiliza walichoweka kwenye masharti ya mchango, mchangiaji hawezi kujua hela yake itaenda kwa nani wala sehemu gani, ni siri, kwa sababu za usalama. Kiusalama walikuwa sahihi kabisa, mkandarasi au mwalimu akijulikana anapokea hela ya Marekani Baghdad ya 2005 alikuwa anauawa, si mchezo. Lakini kwa mtu anayechangisha ukishasema hivyo umefunga duka. Mtu hajui anampa nani, haoni jengo, hapati picha, hapati barua ya shukrani, na anayepokea hela ni serikali iliyoshindwa kusema bilioni 8.8 ziko wapi. Ule mfuko wa penseli ulikuwa na kila kitu ambacho ukurasa huu haukuwa nacho, ulijua ndani kuna nini, ulijua anapewa mtoto, na ulijua nani anamkabidhi.

Yaliyokuja kugundulika baadaye yaliwapa haki wale walionyima. Zahanati kama 150 zilizopangwa kujengwa nchi nzima kwa mkataba wa 2004, miaka miwili baadaye, hela nyingi zimeshatumika, zilizokamilika zilikuwa sita. Miradi ya maji 136, mkaguzi akasema mwaka 2006 itakayomalizika ni 49, kwa sababu karibu dola bilioni 3.5 zilihamishwa kutoka kwenye mambo kama maji na umeme zikaenda hasa kwenye polisi na jeshi. Hospitali ya watoto ya Basra iliyokuwa ijengwe kwa milioni 50 ikafika kama milioni 165 na ikafunguliwa 2010. Mradi wa majitaka wa Fallujah, sitaki hata kuuanza. Bowen alipofunga ofisi 2013 akasema Marekani ilitumia kama bilioni 60 na zisizopungua bilioni 8 zilipotea bure. Mtu aliyekataa kutoa dola zake ishirini 2005 hakuwa amesoma ripoti yoyote kati ya hizi, zilikuwa hazijaandikwa, alikisia tu, na akapatia.

Kuna kundi moja ambalo huwa halitajwi na lingeweza kubadilisha hiyo namba, nao ni Wairaki waliokuwa wanaishi Marekani, Dearborn na Detroit kule Michigan, San Diego, Chicago. Hao ndo wachangiaji wa asili, kila mahali duniani nchi ikibomoka wa kwanza kutuma hela ni watu wake walioko nje. Sasa hawa tangu 1990 mpaka 2003 walikuwa chini ya vikwazo, kutuma hela Iraq bila kibali ilikuwa kosa la jinai. Baada ya Septemba 11 serikali ikafunga mashirika kadhaa ya hisani ya Kiislamu na ikafunga Al-Barakaat, ile kampuni ya hawala ya Wasomali, Novemba 2001, na Wasomali wa hapohapo Columbus kwenu wanaikumbuka vizuri, waulize. Na Oktoba 2005, mwezi mmoja tu baada ya ule ukurasa, daktari mmoja wa jimbo la New York mwenye asili ya Iraq alihukumiwa miaka 22 jela kwa makosa mengi ya udanganyifu, lakini pia kwa kutuma hela Iraq wakati wa vikwazo kupitia shirika lake la hisani. Weka pembeni kama alikuwa na hatia kiasi gani, angalia tu ujumbe unaomfikia Mwiraki wa Detroit. Mkono huu unaomba umchangie ndugu yako, mkono ule unafunga waliomchangia. Atatumia hawala ya kimyakimya amtumie mama yake, na ndicho walichofanya, na hela hiyo haikuhesabiwa popote.

Utaniuliza na wataalamu wa saikolojia wanasemaje. Wapo, nitakupa wawili tu manake mengine ni maneno mengi. Mwaka 2011 Hanna Zagefka na wenzake wa Uingereza walionyesha kwamba watu hutoa zaidi kwa majanga ya asili kuliko yaliyosababishwa na binadamu, na sababu ni kwamba kwenye vita mtu anahisi, hata bila kujua, kwamba walioumia nao wana mkono wao kwenye yaliyowakuta, na kwamba hawajisaidii vya kutosha. Si haki hata kidogo, mtoto wa miaka minne hana mkono kwenye vita yoyote, ila ndivyo akili inavyokwenda. Na 2007 Small, Loewenstein na Slovic waliwapa watu dola tano tano, wengine wakaonyeshwa habari ya msichana mmoja wa Mali anaitwa Rokia, miaka saba, ana njaa, wengine wakapewa takwimu za mamilioni wenye njaa Afrika. Wa Rokia walitoa wastani wa dola 2.38, wa takwimu 1.14. Na waliopewa vyote viwili, Rokia pamoja na takwimu, walitoa 1.43. Yaani takwimu zilimshusha hata Rokia! Hili likumbuke ukiandika tangazo lenu la Omdurman.

Lakini usije ukakariri kwamba vita siku zote inafunga mifuko ya watu, kwa sababu Ukraine imekanusha. Machi 2022 mashirika ya Uingereza yalipotoa wito wa pamoja, siku ya kwanza tu ziliingia pauni milioni 55, zikiwemo zilizoongezewa na serikali, na mwishowe zaidi ya milioni 400. Nayo ilikuwa vita, ya binadamu, mbali. Wengine watasema ni kwa sababu ni Wazungu, na mimi siwezi kukwambia hilo halimo, limo, Mwethiopia wa Tigray alipigwa wakati uleule na hakuona pauni milioni 55 kwa siku. Ila angalia pia mambo mawili. Aliyevunja alikuwa anajulikana na hakuwa yeye anayepitisha kofia. Na hela ile ilikuwa ya blanketi, dawa, chakula, mkimbizi wa mpakani, haikuwa ya kujenga mitambo ya umeme. Ilipofika kwenye ujenzi wenyewe, ambao Februari 2025 ulikadiriwa dola bilioni 524, hakuna aliyempelekea kofia mama wa Manchester, mazungumzo yakahamia kwenye mali za Urusi, kama dola bilioni 300 zilizozuiliwa, nyingi zikiwa Ubelgiji, na nchi za G7 wakakubaliana 2024 mkopo wa bilioni 50 utakaolipwa kwa faida ya mali hizo. Aliyevunja alipe, ni ileile ya Kuwait.

Na hata Marekani yenyewe iliwahi kuligawa hili jambo vizuri sana huko nyuma. Baada ya vita ya pili ya dunia, viwanda, reli na makaa ya mawe ya Ulaya vilijengwa kwa kodi, mpango wa Marshall, kama dola bilioni 13 kati ya 1948 na 1952. Raia hakuombwa achangie reli. Raia aliombwa dola 10, kupitia CARE iliyoanzishwa mwishoni mwa 1945, kwa dola hizo boksi moja la chakula linakwenda kwa familia moja Ulaya, tena mwanzoni ulikuwa unataja na jina la wa kulipokea, na mashehena ya kwanza yalishuka bandari ya Le Havre Ufaransa Mei 1946. Baadaye na Wajerumani walipelekewa, maadui wa juzi tu! Serikali ikachukua bili, raia wakachukua zawadi, kila mtu na kazi yake. Mwaka 2005 serikali ikajaribu kumpa raia kipande cha bili kimefungwa karatasi ya zawadi, akakifungua akakiona.

Haya, turudi Omdurman, manake najua ndiko moyo wako uliko.

Kwanza nikutoe wasiwasi, nyinyi si USAID. Hamkuivunja Sudan, hamna mafuta, hamna ndege ya noti. Nyinyi mna kitu ambacho hawakuwa nacho, Wasudani wenyewe wamo kwenye kamati. Hargeisa, mji wa kaskazini ya Somalia, ilipigwa mabomu 1988 na serikali ya Siad Barre ikabaki magofu, na iliyourudisha ule mji kwa sehemu kubwa ni hela ya Wasomali walioko nje, kidogo kidogo kwa hawala, mtu anajenga nyumba ya mama, wengine wanaungana wanajenga darasa. Kwa hiyo raia wanaweza kujenga, tena sana, ila wanajenga cha kwao na wanaona anayeshika mwiko ni nani. Nyinyi mkiwaomba Wasudani wa Columbus kwanza, kabla ya Wamarekani na kabla ya sisi Waswahili, wakatoa hata kidogo kidogo, mtu wa nje akiuliza "na wenyewe wametoa?" una jibu. Atauliza, amini.

Pili, acheni kabisa neno kujenga upya Sudan. Nadhani ndo maana mnaangaliwa tu. Vita iliyoanza Aprili 15, 2023 bado haijaisha, jeshi lilichukua Khartoum Machi 2025 na watu wanarudi, lakini mtu wa Ohio anasikia vita inaendelea anajiuliza tukijenga si watabomoa tena, na ni swali la haki, jibuni waziwazi. Ombeni kitu ambacho hata hali ikiharibika hakijapotea chote, madawati, vitabu, mabati yanayoweza kufunguliwa, tangi la maji, mshahara wa walimu wa miezi kadhaa. Ukuta na choo cha kudumu viacheni vije baadaye au viende kwa wenye hela kubwa. Darasa moja, mwalimu mmoja, mwenye ridhaa ya kuonekana, na kama kuonekana kunamhatarisha basi mwonyesheni msimamizi aliye Columbus ambaye watu wanaweza kumpigia simu, manake lazima kuwe na sura ya mtu mahali fulani.

Kule Sudan kuna vikundi vya majirani vimekuwa vinapika chakula mtaani tangu vita ianze, majiko ya takaya, na vikundi vya vijana wa mitaa wanaojitolea vinavyoitwa vyumba vya dharura. Muulize jirani yako kama mtaa wa hiyo shule wanacho. Hawa wanajulikana, wanajua bei, na wameshazoea kutoa hesabu kwa watu wanaowatumia hela kutoka nje. Kuliko kumtafuta mkandarasi kwa simu.

Suala la benki msilichukulie poa. Vikwazo vya jumla dhidi ya Sudan viliondolewa Oktoba 2017, lakini Januari 2025 Marekani iliwawekea vikwazo wakuu wa pande zote mbili, Hemedti na Burhan, na kuna watu na makampuni mengine kwenye orodha ya Wizara ya Fedha. Kupeleka madawati shuleni si kosa, ila benki ikiona neno Sudan inashtuka na inaweza kushikilia hela wiki nzima, au ikafunga akaunti bila maelezo ya maana. Kwa hiyo msikusanye kwenye akaunti yako binafsi dada, hata kama ni dola mia tano, na hata kama kila mtu anakuamini. Tafuteni shirika lililosajiliwa Marekani lenye msamaha wa kodi ambalo tayari linapeleka vitu Sudan, mpitishe kwao, watachukua asilimia kidogo na mtalalamika, lipeni. Majina yote ya wanaopokea kule yaangaliwe kwenye ile orodha kabla hela haijatoka, na mtunze risiti, hata ya fundi iliyoandikwa kwa Kiarabu kwenye kipande cha daftari, ipigwe picha itafsiriwe.

Na hao Wamarekani wa kazini kwako, yule mzee mwanzie yeye. Usimwambie habari za vita wala idadi ya wakimbizi. Mwambie dawati moja la watoto wawili ni bei gani, mpe picha ya darasa lilivyo sasa, halafu nyamaza. Mkipata makadirio ya fundi nitumie niyapitie kabla hamjayasambaza kwa watu, hasa bei ya mabati na mbao na usafiri wa kutoka Port Sudan, manake hapo ndo huwa panaongezwa.